Kufuli ya Joyeuse na Ng'ombe wa Muzee Nzabonimpa

Ukipita Ndosho, mtaa wa Goma, ukauliza nyumba ya mwanamke ambaye kazi yake inatumika dunia nzima, watakuelekeza kwa mchungaji mwenye kipindi redioni. Joyeuse Uwamariya wao walimjua kama dada wa bureautique tu, yule anayekupigia karatasi za shule na kukutolea fotokopi, na ukimletea flashi yenye virusi anakufukuza mbele za watu. "Papa, hii kitu yako inagonjwa! Peleka hospitali, usiniletee hapa!" Watu walicheka, lakini walirudi, maana alijua kazi.

Kazi yake nyingine hawakuijua. Kuna mfumo mmoja wa kuendesha kompyuta, wa bure, ambao hautengenezwi na kampuni. Unatengenezwa na watu waliotawanyika duniani, kila mmoja akileta tofali lake. Tofali la Joyeuse lilikuwa dogo, jina lake Kufuli. Haina picha, haina kitufe cha kubonyeza. Unafungua lile dirisha jeusi la kuandika amri, unaandika kufuli, unaandika jina la faili, unaweka neno lako la siri, na faili inafungwa. Basi, hakuna zaidi. Aliyeianzisha alikuwa muzee mmoja wa ng'ambo, na alipochoka alimwachia Joyeuse, kwa sababu kwa miaka mingi ni Joyeuse aliyekuwa anamwonyesha makosa yake bila kumtukana. Kazi yenyewe haina asante. Ni kama choo cha shule, hakuna anayekisifu mpaka siku kinapoziba, hapo ndipo wote wanakuja kupiga kelele.

Kila aliporekebisha kitu, alipiga muhuri wake kabla ya kutuma toleo jipya. Usifikiri ni muhuri wa wino wa ofisi ya komine. Ni hesabu ndefu inayotoka kwenye ufunguo, na ufunguo huo ulikuwa ndani ya flashi moja ndogo nyeusi, na hauamki mpaka upewe neno la siri. Mashine yoyote yenye Kufuli ikiona muhuri wa Joyeuse inapokea toleo jipya yenyewe, bila kumuuliza mwenye mashine. Inamwamini Joyeuse. Ndiyo maana flashi ile hakuiweka chumbani, maana wezi wa Goma chumbani ndiko wanakoanzia. Aliiweka jikoni, chini kabisa ya kopo la majani ya chai, na alijisifu moyoni kwa akili hiyo. Mwizi gani ataiba kopo lenye kutu?

Na neno la siri? Hapo ndipo alipojiona hodari zaidi. Kwenye maelezo ya matumizi ya Kufuli, yale yanayosomwa na kila mtu, aliandika kwa mkono wake: "Neno lako la siri usilitoe kitabuni. Litoe utotoni mwako. Langu mimi nilipewa na baba yangu malishoni, na halijaandikwa popote." Watu wa ng'ambo walilipenda sana shauri hilo, wakalinakili huku na huku. Eh, Joyeuse! Mtu anayefundisha wengine kuficha, yeye akaenda kuelekeza kidole pale alipoficha.

Katika wote waliotumia Kufuli, mmoja alimnyima usingizi. Donatille, mtoto wa mama yake mdogo, walilelewa sahani moja. Donatille aliishi Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Wanawake walioona waliyoyaona walikuja kwake, akawarekodi sauti. Walitaja waliowafanyia, wakataja majina yao wenyewe na vijiji vyao, maana Donatille aliwaahidi kwamba hakuna atakayesikia mpaka siku ya kusikilizwa na wenye haki. Na waliotajwa, wengine bado wanapita barabara ile ile na bunduki, wanasalimia, wananunua nyanya. Siku ya kufunga sauti zile mara ya kwanza, Donatille alimpigia simu.

"Joyeuse, niambie ukweli. Hii kufuli yako inafunga kabisa?"

"Inafunga."

"Basi sikia. Ndani nimeweka roho za batu."

Joyeuse alijibu kwa mzaha kwamba hata malaika hataifungua. Lakini tangu siku hiyo, kila alipopiga muhuri alisali kwanza.

Msimu wa mvua muzee Nzabonimpa, baba yake, akafa. Alikuwa amezeeka, amefika Goma akikimbia kutoka milima ya Masisi, na ng'ombe zake alikuwa amebaki nazo mdomoni tu. Turubai ikafungwa juu ya uwanja wa mawe meusi, viti vikaletwa kutoka kanisani, korali ikaja kuimba, masufuria ya majirani yakaingia. Kwetu nyumba ya matanga haifungwi mlango. Anayetaka kulia aingie, anayetaka kula ale. Na kumuuliza mtu aliyekuja kulia kwamba wewe ni wa nani, hiyo ni kumtemea marehemu mate. Hata mlevi tunampa kiti.

Kati ya waliokuja alikuwepo mama mmoja aliyefunga kitambaa cha bluu kichwani. Alianza kulia tangu barabarani, kilio cha kweli, kamasi na machozi, mpaka wengine waliokuwa wametulia wakaanza upya. Alipomaliza akapandisha mikono ya nguo na kuingia jikoni. Akaosha masufuria, akabeba bidoni za maji juu ya yale mawe yanayokata miguu, akapika chai ya watu wote. Nyimbo alizijua, sauti ya pili akaipata bila kutafuta. Upande wa baba, watu wa Masisi, walisema huyu bila shaka ni wa upande wa mama. Upande wa mama, watu wa Rutshuru, walisema hawa watu wa Masisi wana bahati, wana mwanamke mchapakazi kama huyu. Nani angemuuliza? Mtu mwenye masizi ya masufuria ya msiba mpaka kwenye viwiko hana haja ya kitambulisho.

Siku ya maziko, kabla ya kubeba jeneza, mama yule alikaa karibu na Joyeuse, akamshika mkono. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Muzee alikuwa muchungaji wa ng'ombe. Sasa nani atamutajia ng'ombe zake? Tutamupeleka mbele ya Mungu mikono mitupu?"

Wazee wakatikisa vichwa. Kweli, kwetu mwenye ng'ombe husindikizwa na majina ya ng'ombe zake, nani alizaa nani. Muzee hakuwa na mtoto wa kiume aliye hai. Macho yote yakamgeukia Joyeuse, maana ilijulikana kwamba baba alimfundisha yeye. Naye akasimama, akataja kama alivyotajiwa akiwa mtoto mwenye fimbo fupi kuliko majani:

"Bihogo alizaa Gaju. Gaju alizaa Gitare. Gitare alizaa Bugondo."

Akaishia hapo. Wanawake wakapiga vigelegele vya machozi. Mama wa kitambaa cha bluu alimbana mkono, akamwambia sikioni taratibu, "Rudia, mwanangu, muzee asikie vizuri." Akarudia. Siku zile alikuwa binti wa baba yake tu, hakuwa mlinzi wa kitu chochote.

Walipozika na watu wakapungua, asubuhi moja Joyeuse aliingia jikoni kuchemsha maji. Kopo la chai lilikuwa limeoshwa, limegeuzwa likauke. Juu ya kabati, katikati ya sahani ndogo ya chai, ilikaa flashi nyeusi. Imefutwa, haina hata unga wa majani, imewekwa pale kama mtu anavyomwekea mgeni sukari.

Joyeuse aliiacha pale pale bila kuigusa. Akatoka uwanjani, shangazi yake Mukamugema alikuwa anachagua maharage. Huyo ni dada wa marehemu, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi, ndiye aliyeongoza matanga.

"Shangazi, nani aliosha kopo ya chai?"

"Si ule mama wenu wa kitambaa ya bluu? Mama wa upande wa mama yako."

"Upande wa mama walisema ni wa kwenu."

"Wa kwetu?" Shangazi alicheka. "Mimi simujui! Lakini mwanamuke wa kazi, ee. Bila yeye tungeaibika."

"Iko wapi sasa?"

"Alienda. Aliaga vizuri, alilia tena."

Joyeuse alipiga simu upande wa mama, mmoja baada ya mwingine, wale wa Rutshuru na hata binamu aliyeko Vitshumbi kwenye samaki. Kila mmoja alimsifu yule mama, na kila mmoja akasema si wetu. Simu ya mwisho ilipokatika alibaki ameitazama ile sahani. Mwanamke amelala nyumbani mwake, amekula chakula chake, amemlilia baba yake, na hakuna hata mtu mmoja anayejua anaitwa nani.

Alijua la kufanya, na mimi sitamtetea. Flashi inaweza kurudishwa na nakala ya ufunguo ikabaki kwa mwizi, kwa hiyo ufunguo ulioguswa na mkono usioujua unauawa siku hiyo hiyo. Unatangaza kwa wote kwamba muhuri wangu umekufa, msipokee kitu chenye jina langu. Alikaa mbele ya mashine, akaandika tangazo lile mpaka nusu. Halafu akaanza kufikiri, na kufikiri kwingine ni mtego. Akiua muhuri, itambidi aeleze sababu mbele ya dunia nzima: mwizi alikaa kwenye matanga ya baba yangu nikampa kiti. Wale wenzake wa ng'ambo, ambao tayari walikuwa wananung'unika kwamba Kufuli ina mlinzi mmoja tu, tena mahali pa vita, wangeiondoa kwenye mfumo. Akaenda kumweleza shangazi, akitafuta mtu wa kumwambia fanya.

Shangazi alisimama, maharage yakamwagika.

"Joyeuse! Unamuita muizi mutu aliyelilia baba yako? Mbele ya batu? Hata majani ya kaburi hayajaota? Aliokota kakitu kako ndani ya chai, akakafuta, akakuwekea. Muizi njo anarudisha?"

"Shangazi, hii kazi yangu..."

"Kazi yako itangojea. Tunamaliza matanga kwanza. Siku ya kumaliza ikipita, sema yenye unataka. Lakini sasa, hapana! Utamufukuza roho ya muzee ku mulango."

Na Joyeuse akakubali. Alikubali kwa sababu ya aibu, na kwa sababu alikuwa na jambo moja la kujitulizia. Flashi bila neno la siri ni chuma tu. Ndiyo, alitaja ng'ombe mbele ya watu, na ndiyo, neno lake la siri lilikuwa zile ng'ombe. Lakini lilikuwa na moja zaidi. Baada ya Bugondo alikuja Kirezi, ng'ombe mzuri kuliko wote, ambaye muzee alimuuza kwa wachinjaji ili Joyeuse asome Goma. Tangu siku hiyo baba hakumtaja tena. Akifika kwa Bugondo alikohoa, akatazama mbali. "Ng'ombe uliyemupeleka kwa kisu, haumusifu," alimwambia mara moja tu. Kirezi alibaki kati ya baba na binti, na baba amelala chini ya ardhi. Kwa hiyo neno liko salama, Joyeuse alijiambia. Alijiambia asubuhi, akajiambia akipiga pasi, akajiambia kwenye foleni ya maji. Mtu anayejiambia jambo moja mara nyingi hivyo, ujue haliamini.

Wakati huo huo mambo madogo yalianza kumtisha. Mtu asiyemjua alimwandikia kwa adabu kumpa pole ya msiba, akauliza kama toleo jipya la Kufuli litachelewa. Pole? Huko kwenye kazi ya Kufuli hakumwambia mtu kwamba amefiwa. Pikipiki ilisimama mbele ya bureautique, dereva hakushuka, hakuita abiria, akaondoka. Halafu rezo, mtandao wa simu, ikakatika mtaa mzima, kama inavyokatika siku hizi, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa yeye. Lile tangazo la nusu lilikaa ndani ya mashine likimngoja.

Siku ya kumaliza matanga ikafika. Uwanja ukafagiliwa, turubai ikashushwa, watu wakanywa na kucheka kidogo, kama inavyotakiwa, ili marehemu aende zake na amani. Mchana rezo ilirudi, simu zikaanza kulia mifukoni mwa watu. Joyeuse alikuwa anamimina kinywaji kwenye glasi ya shangazi, na moyo ulikuwa umeanza kulegea, maana ahadi imetimia, sasa angeweza kwenda kumaliza tangazo lake. Shangazi naye alikuwa amefurahi. Akamshika kiuno.

"Mutoto wangu, ulimuheshimu baba yako. Ulitaja ng'ombe vizuri. Ila ulinipa haya kidogo."

"Haya gani, shangazi?"

"Uliacha moja. Uliacha Kirezi! Kaka yangu alikuwa namuficha, najua, alikuwa na huzuni yake. Lakini maziwa ya Kirezi nilisukasuka mimi, mikono hii. Mutu anaenda kwa Mungu na ng'ombe zake zote, hata ile aliuza."

Glasi ilijaa ikamwagika juu ya kitenge cha shangazi. Joyeuse hakuona.

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia nani? Si ule mama! Tuko tunaosha masahani, akaniuliza, mama, yule binti amezitaja zote? Nikaona huyu ni mutu wa heshima, anajali. Nikamwambia, hapana, imebaki moja, ya mwisho. Akanishukuru sana. Akasema sasa muzee atalala."

Joyeuse aliweka chupa chini. Alipita katikati ya wageni, akaingia chumbani, akafungua mashine. Ukurasa ulikuja polepole, mstari kwa mstari, kama unavyokuja kwetu. Toleo jipya la Kufuli. Lilitumwa asubuhi ile ile. Jina la aliyelituma: Joyeuse Uwamariya. Muhuri: sahihi. Mashine yake mwenyewe ilikuwa imelipokea rezo iliporudi, bila kumuuliza, kwa sababu ilimwamini.

Aliisoma ile kazi ya mtu mwingine yenye jina lake. Ilikuwa nzuri, Mungu amsamehe, ilikuwa safi kuliko yake. Katikati ya mistari iliyonyooka palikuwa na michache iliyochukua neno la siri la mtu anapoliandika, na kulipeleka mbali, pamoja na mahali mashine ilipo. Joyeuse alilia kwa sauti, na watu wa nje wakasema, pole, bado uchungu wa baba.

Simu ya Donatille iliita muda mrefu.

"Joyeuse!" Donatille alikuwa na furaha. "Njo nilikuwa nakuwaza! Leo asubuhi nilikuwa ku kazi, nikaona mashine imeleta kufuli mupya, na muhuri yako. Nikasema, Mungu asifiwe, Joyeuse amerudi ku kazi, roho imetulia. Nilifunga mama mumoja mwingine na ile mupya, sauti yake..."

"Donatille, sikia. Uliandika neno lako la siri?"

"Si lazima kuandika? Nitafunga namna gani?"

"Si mimi. Ile si mimi niliyetuma. Acha mashine, toka kwa nyumba. Wapigie wale wamama wote, watoke ku nyumba zao sasa hivi. Sasa hivi, Donatille!"

Joyeuse alisikia kuku, alisikia lori likipanda barabara ya Rutshuru, alisikia pumzi ya ndugu yake ikibadilika.

"Lakini... uliniambia inafunga."

"Nilikuambia. Nisamehe. Toka kwanza."

"Ngoja," Donatille alisema kwa sauti ya chini. "Ngoja kidogo. Kuko mutu ku mulango."

"Usifungue!"

"Haifungwe, iko wazi, ni muchana. Ni mama mumoja tu, Joyeuse. Iko analia."

"Donatille, amefunga nini ku kichwa? Donatille!"

Lakini Donatille alikuwa ameshusha simu sikioni, kama alivyolelewa, maana mtu haongei na simu mbele ya mwenye machozi. Joyeuse alimsikia kwa mbali akivuta kiti, akisema, "Pole, mama. Karibu. Ingia."